Mbwa Wangu, Kondoo wa Jirani

Nina wivu, na sitauficha. Wengine huwaonea jirani zao wivu kwa sababu ya gari au ghorofa. Mimi namwonea jirani yangu wivu kwa sababu ya mbwa wangu mwenyewe.

Si mbwa wa kuokota. Ni ridgeback, mbwa wa simba, niliyemnunua angali mdogo kwa mfugaji mmoja wa upande wa Ngong. Alikuja na karatasi ya ukoo inayotaja baba, babu, nyanya, hadi wazazi wa nyanya. Mimi mwenyewe mababu zangu wa Ukambani nawajua watatu tu. Mfugaji alinisimulia kwamba Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa na mbwa wenye mstari mgongoni, na walowezi walipofika wakawazalisha na mbwa wao wakubwa kutoka Ulaya. Baadaye huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wawindaji wakawatumia kumzingira simba na kumbwekea mpaka mwenye bunduki afike. Hadithi hiyo naisimulia kila mgeni akija, na mke wangu huondoka sebuleni nikianza.

Na ni mzuri, hata mwenye kijicho atakubali. Rangi yake ni ya ngano iliyoiva, kifua kipana, miguu mirefu, masikio yamelala. Katikati ya mgongo ana ukanda wa manyoya yaliyoota kinyume, yakielekea kichwani, na juu yake mizunguko miwili kama ile ya utosini mwa mtoto. Habweki ovyo. Ni mkaidi, na ukimkaripia hununa. Mgeni akija, yeye humtazama mara moja kisha akageuza uso, kama karani saa ya chakula.

Huku kwetu Kitengela, ng'ambo ya mtaa wa Noonkopir, kila mtu atakwambia mbwa anavyofanywa mkali: mfungie mchana asizoee watu, mfungulie jioni. Nami nikafanya hivyo. Natoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, narudi jioni, nagonga sahani kwa kijiko, anakuja, anakula. Nikadhani hayo ndiyo mapenzi.

Kisha siku moja nikarudi saa sita mchana nikiwa na homa, nikakuta banda la mbwa tupu. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Alinieleza, bila hata kugeuka, kwamba huwa anamfungulia kila siku nikishaondoka, kwa sababu alikuwa akilia mchana kutwa, na kwamba huruka ua na kwenda kwa kondoo wa jirani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jirani ni mama wa Kimaasai. Familia yao ndiyo iliyotuuzia ploti, naye huchunga kondoo kwenye ploti ambazo hazijajengwa. Nilisimama uani nikawatazama. Mbwa wangu alikuwa akitembea kando yake, mkia juu, akimrudisha kila kondoo aliyepotea njia. Yule mama aliposimama, mbwa alijilaza miguuni pake, tumbo juu, akikunwa. Tumbo hilo mimi sikuwahi kuonyeshwa. Nilisahau homa.

Nilikuwa na hakika kwamba yule mama anampa nyama. Kwa hiyo nikaleta matumbo, nikaleta maini, nikalifunga banda kwa kufuli na kwenda na ufunguo kazini. Kwa siku tatu hakugusa hata maini. Mke wangu akaniambia nitamuua kwa wivu wangu. Jumamosi asubuhi nikafungua kufuli, na kabla sijainua sahani alikuwa ameshavuka ua. Nikamfuata na mnyororo mkononi.

Nilipowakaribia, alikuja mbele ya yule mama akasimama kati yetu. Manyoya ya mgongo yalisimama yote. Akanguruma, mimi nikiwa ndiye ninayengurumiwa. Yule mama akamgusa kichwa, mbwa akanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, hata "Takwenya", salamu ya Kimaasai kwa mwanamke, sikumpa.

"Mama, huyo mbwa ni wangu," nikasema.

"Sijakataa ni yako. Simpatii kitu, anakuja tu mwenyewe," akajibu. "Muite basi aende."

Nikafungua kinywa. Nyumbani nilikuwa na sahani na kijiko. Hapo nyasini nilikuwa na mnyororo tu. Nikajaribu mluzi, hakunitazama. Nikasema "wewe", kondoo mmoja akainua kichwa.

"Kwani hukumpatia jina?" akauliza. Hakuwa ananicheka, na hilo lilinichoma zaidi.

Nikamwambia sikumpa. Nilimfuga miaka miwili, ukoo wake naujua hadi wazazi wa nyanya, na sikuwahi kumpa jina. Yule mama alikuwa amempa, la Kimaasai. Akanitamkia polepole, mara mbili, mpaka nikalipata sawasawa. Nikalisema. Masikio yakageuka, manyoya yakalala, akaja hadi kwenye goti langu.

Siku hizi simfungii tena, na jioni namwita kwa jina hilo kwa sababu haitiki lingine, na nimejaribu mengi. Huja. Lakini kila nikiita, kwanza hutazama ng'ambo ya ua, kuona kama si yule mama anayemwita.