Kifuniko cha Wino

Karani wa zahanati yetu ya Busia hakuwa mtu wa kuinua macho. Alitujua kwa mikono tuliyoweka dirishani: ya wauza omena wa Sio Port ilinuka ziwa, ya madereva wa Malaba ilikuwa na grisi kwenye kucha. Aliuliza taratibu, "Unatoka upande gani?" Ukisema ng'ambo, Uganda, hakukufukuza. Alifunga tu chupa yake ya wino kabla ya kuandika jina lako, akasema, "Pole, mama." Sisi wa benchini tuliijua sauti ya kifuniko kile cha bati, na tulisogea mbele nafasi moja, aibu yetu.

Mwaka wa sabini na sita hakimu akaamua kwamba sheria ya afya haimbagui mgonjwa kwa sababu ya mpaka. Kesho yake asubuhi akaja diwani na kaunda suti yake, akaipita foleni yote. "Hakimu hapigiwi kura hapa," akasema kwa sauti ya mkutanoni. "Wa ng'ambo wafungie wino kama kawaida." Dirishani alisimama mama wa ng'ambo, mtoto mgongoni akihema kwa homa. Karani akakiokota kifuniko, akakipangusa kwa kidole gumba, akamwekea diwani kiganjani.

"Basi leo funga wewe, mheshimiwa," akasema, na akainua macho.

Diwani akamtazama mtoto, kisha akatutazama sisi, wapiga kura wake. Tukasikia kalamu ya karani ikiandika. Kifuniko, diwani aliondoka nacho mfukoni. Tangu siku hiyo chupa ile hufunikwa jioni tu, kwa kipande cha karatasi, na karatasi haina kelele.