Kadi Ndogo ya Mchora Ramani

Walimwita Rula kwa sababu alikuwa hapiti karibu na kitu bila kukipima. Siku ya msiba wa baba mkwe wake alisimama mlangoni na futi mkononi, akawaambia wabebaji kuwa jeneza halitapita likiwa limelala, sharti liinamishwe. Watu walimwona hana adabu. Lilipokwama, wao wenyewe ndio waliomwita.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Alianza ujanani kwa penseli na meza iliyoinama, katika ofisi ya ujenzi ambayo baadaye ilifungwa. Akiwa na umri wa miaka arobaini na moja akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, akajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na moja kompyuta hiyo ilikaa upande mmoja wa sebule, na upande wa pili ilikaa cherehani ya mkewe, Mama Mapacha. Yeye akibofya kipanya, mkewe akikanyaga pedali, wakaelewana hivyo.

Shida ilianza pale wateja walipoacha kuridhika na mistari. Walitaka kuiona nyumba ikiwa na rangi na madirisha, waizunguke, waingie ndani kama kwenye sinema. Kompyuta ya Rula haikuwa na nguvu hizo. Ukiiambia igeuze nyumba uone upande wa nyuma, iliganda. Mteja mmoja aliangalia saa mara tatu, akasema anatoka kidogo kupiga simu. Hakurudi. Baada yake wakaondoka wawili wengine, wote wakaelekea jengo la mbele, ghorofa ya pili, kwa vijana waliotoka chuoni na kompyuta mpya.

"Mimi najua nyumba kuliko wao," Rula alimwambia mkewe.

"Najua. Lakini mteja hanunui unachokijua. Ananunua anachokiona."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni ndipo tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Kamati ilitaka kujenga wodi ya wazazi, na kila mchoraji anayeitaka kazi aje Alhamisi ya wiki inayofuata na mchoro ambao wanakamati wataweza kuingia ndani yake kwenye kioo. Rula aliusoma mstari huo wa mwisho mara nne. Wodi angeweza kuichora akiwa amefumba macho. Kuionyesha, hapana.

Alipouliza huku na huku, wote walimpa jibu moja: kompyuta yake inahitaji kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa ndani na kubeba kazi yote ya kuonyesha. Mama Mapacha aliacha kushona. Alifungua kabati, akatoa bahasha ya pesa alizokuwa akiziweka anunue mashine ya ovaloki ya kumalizia pindo.

"Chukua. Nyuzi za nguo zangu zimechomoza miaka yote na watu bado wanavaa."

"Mama Mapacha, hii ni jasho lako."

"Na wewe je, ni mgeni wangu? Nenda kabla sijabadili mawazo."

Alikwenda kwenye duka la kompyuta lenye vioo na taa nyingi. Muuzaji alikuwa na ulimi wa asali. Alimletea boksi lenye picha ya joka linalotema moto.

"Hii ina kumbukumbu giga nne, mzee wangu. Na bei hii ni kwa sababu yako tu. Utachora mpaka uchoke."

Rula alitoa futi, akaipima. Ingeenea ndani ya kasha la kompyuta yake. Akalipa. Ndivyo alivyokuwa: urefu aliujua, mengine yote aliyaacha kwa Mungu na muuzaji.

Nyumbani aliichomeka. Ilitaka waya wa pili wa umeme ambao kompyuta yake haikuwa nao, lakini muuzaji alikuwa amempa kiunganishi. Ikawaka. Akafungua mchoro wa wodi, akaugeuza kidogo, na kwa sekunde chache kuta zikasimama mbele yake zikiwa nyeupe, na jua dirishani. Halafu rangi zikavurugika, zikawa vipande vya kijani na zambarau. Kompyuta ikazima yenyewe, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni. Mama Mapacha alikuwa sokoni kununua vifungo.

Rula aliibeba mpaka kwa fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye miwani aliyekuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo la mbele, lile la wale vijana. Fundi aliifungua, akaitazama kadi, akaitazama tena, akavua miwani.

"Mzee, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hii ni kadi ya zamani sana. Wameidanganya ijitambulishe kama mpya. Hizo giga nne ziko kwenye boksi tu, ndani hamna. Halafu hata ingekuwa ya kweli, kiboksi chako cha kugawa umeme ni kidogo, hakiwezi kuilisha. Shukuru kimejizima chenyewe, kingeunguza vyote."

"Kompyuta imekufa?"

"Haijafa. Nikiitoa hii itawaka kama zamani."

Kama zamani. Rula alirudi nayo akiwa ameikumbatia kifuani, akaiweka mahali pake, akafunika kadi kwa gazeti. Siku mbili alikaa mbele ya kioo cheusi akichora kwa penseli, akikohoa kila mkewe alipomkaribia. Alifikiria kwenda kwa shemeji yake kuomba, akakumbuka maneno aliyoambiwa mara ya mwisho. Alifikiria kuiacha kazi yenyewe, awe mlinzi wa geti, angalau mlinzi haonyeshi mtu picha. Wazo hilo halikumtisha, na kutotishika huko ndiko kulikomtisha.

Siku ya pili, mchana, cherehani ilinyamaza.

"Baba Mapacha. Feni ya hiyo mashine haijavuma tangu juzi."

Rula aliweka penseli chini. Alijaribu kusema kitu kingine, kikatoka hiki: "Nimeliwa, mke wangu. Pesa yako yote."

Alisubiri alaumiwe. Mama Mapacha aliinuka, akatoa gazeti juu ya kadi, akaigeuzageuza karibu na dirisha kama anavyokagua kitambaa. Alichukua sindano, akainua pembe ya kibandiko kilichokuwa mgongoni mwa kadi. Chini yake kulikuwa na kingine, cha jina tofauti.

"Aa," alisema. "Hii naijua. Hata vitambaa wanavifanya hivihivi. Vaa viatu."

Kwanza walipita kwa fundi, naye akawaandikia kwenye karatasi mambo ya kuzingatia: kadi isiyohitaji waya wa pili, iwe fupi ya kimo kwa sababu kasha ni jembamba, na ijaribiwe hukohuko dukani kabla ya kulipa. "Kompyuta yenu ni mzee," alisema. "Msimtwike gunia la saruji. Mpeni kikapu."

Dukani muuzaji alimtambua Rula, asali ikakauka. "Mali ikitoka hairudi. Tumeandika ukutani."

"Nimesoma ukutani," alisema Mama Mapacha. "Sasa na wewe nisomee hapa." Aliweka kadi kwenye kioo cha meza, kibandiko cha juu kikiwa kimeng'oka nusu. Hakutukana. Alisema kwa sauti ileile anayoitumia kuita wateja wa nguo siku ya gulio, na watu watano waliokuwa dukani wakageuka. "Nisomee jina la juu, halafu nisomee la chini. Miwani sina."

Muuzaji alitazama mlango. "Mama, tusifike huko. Pesa sirudishi, ila chagueni nyingine."

Rafuni kulikuwa na tatu zilizolingana na bei ile. Moja ilikuwa kubwa, ina feni mbili na taa nyekundu, na mkono wa Rula uliifuata wenyewe. Ya pili ilikuwa safi lakini ilitaka waya. Ya tatu ilikuwa ndogo kama pakiti ya biskuti, feni moja, vumbi, haina boksi.

"Hiyo kubwa nayo ingeenea," Rula alisema taratibu.

"Fundi alisemaje?"

Rula akaurudisha mkono. Walichukua ndogo, wakamsimamia muuzaji mpaka akaichomeka kwenye kompyuta ya duka, na karatasi ya fundi ikahakikiwa mstari kwa mstari.

Jumanne saa nne asubuhi wodi ilizunguka kwenye kioo cha Rula bila kuganda. Si kwa kasi ya wale vijana. Ilijivuta kidogo kwenye kona. Lakini ilizunguka. Alichora siku mbili bila kuinuka ila kwa haja.

Alhamisi waliifunga kompyuta kwa shuka, wakaibeba mpaka ukumbi wa zahanati. Vijana walitangulia. Picha yao ilikuwa tamu: maua, watu wanatembea, muziki. Wanakamati walipiga makofi. Zamu ya Rula ilipofika, aliwaingiza mlangoni, akawapitisha kwenye korido. Mkunga mkuu, mama mnene aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akanyoosha kidole.

"Simama hapo. Kitanda cha magurudumu kikitoka chumba hicho kwenda chumba cha upasuaji, kinakatia wapi kona?"

Rula alitazama. Korido ilikuwa nyembamba mno. Yeye aliyepima jeneza la watu, hakupima kitanda cha mzazi. Kijana mmoja wa ghorofani akatabasamu akitazama kiatu chake.

"Hakikati," Rula alisema. "Nimekosea. Nipe vipimo vya kitanda, mama."

Mkunga alimpa. Mbele yao Rula akashika ukuta kwa kipanya, akausogeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, korido ikapanuka. Mkunga akavuta kiti mbele. Beseni la kunawa je? Swichi ya taa je, mtu akiwa na mikono yenye damu? Walikaa hivyo karibu saa nzima.

"Tutawajulisha," mwenyekiti alisema.

Siku tisa simu haikulia. Ya kumi ukaja ujumbe mfupi: kazi wamepewa wale wa ghorofani, kwa kuwa watasimamia na ujenzi. Rula alimpa mkewe simu asome, akaenda kuketi kwenye ngazi za nje. Mkewe alikuja akakaa naye.

Msingi ulipochimbwa Rula hakuweza kujizuia, alipita akapima. Korido ilikuwa na upana uleule aliousogeza yeye. Mfereji wa bomba la beseni ulichimbwa palepale.

"Wamechukua chako," alisema Mama Mapacha. "Nenda kadai. Usipokwenda wewe nitakwenda mimi, na mimi unanijua."

Alikwenda. Mwenyekiti aliangalia dari, akasema mchoro ukishaonyeshwa ni wa wote. Mkunga ndiye aliyefungua mlango bila kubisha. "Mwenyekiti, sema ukweli. Tulimtumia huyu baba bure."

Walichompa hakikuwa wodi. Ilikuwa sehemu ya kufulia na vyoo vya wagonjwa, jengo la nyuma ambalo hakuna mtu angepigia makofi. Rula alitaka kukataa. Alifikiria geti la mlinzi, akakubali.

Jumatatu mkunga alikuja mwenyewe, akakalia stuli ya Mama Mapacha karibu na kioo.

"Makaro ya kufulia yapandishe," alisema. "Mama aliyepasuliwa tumbo hawezi kuinama."

"Kiasi gani?"

Mkunga alisimama, akaweka kiganja chini kidogo ya mbavu. Rula akatoa futi.