Kinyozi ameniuliza kuhusu albamu yetu

Watu wangu, leo nimeisaliti bendi yangu nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu.

Nilikuwa kwa kinyozi hapa mtaani Skuta. Ni mgeni, hajui mimi ndiye mpiga gitaa. Alikuwa anacheza albamu yetu ya tatu, ile tumetoa Ijumaa.

Nikatega sikio.

Wimbo wa pili haujaisha, akazima.

Ati, "Hawa vijana wa roki walianza vizuri. Ile albamu ya kwanza walirekodia kwa banda ya kuku huko Gatitu, mvua ikipiga mabati, hiyo ilikuwa moto! Hizi mbili zimefuata ni maji tu. Ama wewe unaonaje, buda?"

Ningesema nini? Mashine iko juu ya sikio yangu!

Nikasema, "Ya kwanza ndio ilikuwa albamu. Hizi zingine tunazivumilia tu."

Kiti cha pili kulikuwa na jamaa amelala, taulo ya moto usoni. Akaitoa mwenyewe.

Muriuki. Mpiga ngoma wetu. Ndiye aliandika albamu ya tatu yote, mwaka mzima, peke yake.

Aliniangalia kwa kioo. Akavaa jaketi, akatoka.

Sasa ameandika kwa grupu ya bendi: "Mazoezi kwangu saa kumi. Leo tupige zile za albamu ya kwanza tu."

Hakuna emoji. Hakuna chochote.

Hiyo ni hasira ama amekubali? Niambieni haraka. Ni saa kumi kasoro kidogo, nimesimama nje ya geti yake na gitaa, na ndani ngoma imeshaanza.