Sabufa ya Mzee Kinu

Mjukuu wangu ameniletea kalamu na karatasi. Anasema wanakusanya habari za wazee wa mtaa, niandike ya babu yake. Nikamwambia babu yako yuko hai, ana mdomo, mwulize mwenyewe. "Bibi, nikimwuliza hili ananijibu lile." Haya. Kumjibia huyu mzee ilishakuwa kazi yangu, sasa na kumwandikia. Mkono wangu umezoea mwiko. Herufi zikilala, zisome hivyo hivyo zimelala.

Mume wangu wanamwita Mzee Kinu kwa sababu alisaga nafaka za watu tangu hajaota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe, na usidhani weupe wote ule ulikuwa unga. Mashine ilinguruma ndani ya chumba chenye dirisha moja. Ukitaka kusema naye ulimshika bega. Lakini mashine yenyewe aliijua kwa nyayo. Alivua viatu, akasimama juu ya kichanja cha mbao walichopangia magunia, akasema mkanda umelegea, au kuna jiwe limeingia, na kweli lilikuwamo. Kazi kubwa, akiniambia, ni kuituliza. "Mashine inayotetemeka inajila yenyewe." Akaiwekea mipira ya matairi chini ya miguu, akakaza nati, ikatulia.

Mashine ikatulia, masikio yakaenda. Mwenye kinu alipokiuza, mzee alirudi nyumbani amebeba kile kichanja, eti ndicho kiinua mgongo alichopewa.

Mtoto wetu mkubwa alimnunulia vidude vya kutia masikioni. Vikampigia mluzi, akavitupa kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Zamani tulikaa sebuleni tukitazama mpira, yeye anamtukana mwamuzi, mimi namtukana yeye. Sasa akaona watu kwenye televisheni wanafungua midomo kama samaki, akahama. Akawa anakaa nyuma ya nyumba, uso ukutani. Kumwambia neno moja ni kama kupandisha gunia ngazi. Nikabaki kumwambia ya lazima tu: kula, oga, mvua inakuja. Mtu na mumewe. Nilichoka, sikufichi. Nikaogopa kwamba ipo siku hata hayo nitayaacha, na yeye hatajua kama nimeyaacha.

Basi jirani yetu kinyozi akanunua sabufa, lile spika la mdundo mzito. Alipoifungulia, vikombe vyangu vikacheza kabatini. Nikatoka niende nikamtukane. Nikamkuta mzee wangu ameweka kiganja ukutani, kichwa kinakwenda taratibu. Nikarudi ndani na matusi yangu.

Nilikuwa na hela kidogo ya bati, maana jiko linavuja. Ningemwambia mwanangu angetoa. Lakini kuomba sikufundishwa utotoni, na sasa nimezeeka mno kujifunza. Nikaichukua ile ya bati.

Muuza duka alikuwa bwana mnene, kijiti cha meno mdomoni.

"Karibu mama. Unamnunulia mjukuu?"

"Namnunulia mume."

"Ahaa! Mzee bado anaruka?"

"Wewe uza."

Akanionyesha moja ya plastiki inayong'aa, ina taa zinakimbizana. "Hii ina wati elfu, mama."

"Sijauliza wati. Inatikisa?"

"Sauti yake sasa—"

"Sauti sina haja nayo. Hata ikiwa bubu."

Akanitazama kama nimetoroka mahali. Nikaona maneno hayatanifikisha. Nikakusanya gauni langu, nikaikalia.

"Mama! Hicho si kigoda!"

"Fungulia."

Ile ya taa ilipiga kelele duka zima, lakini chini yangu nilisikia kitu kama meno ya mtu mwenye homa. Nikahamia ndogo yake. Hiyo hata kunitekenya haikuweza. Watu wakaanza kusimama mlangoni. Wasimame. Pembeni palikuwa na boksi la mbao la mkono wa pili, limechubuka, kitambaa cha mbele kimechanika.

"Hilo achana nalo mama. La zamani, zito, na kispika chake kimoja kimekufa."

Nikalikalia. Halikupiga kelele. Liliingia kiunoni, likapanda mgongoni polepole, mifupa ikaanza kusalimiana.

"Hili."

"Mama, nimekwambia kimoja kimekufa."

"Mume wangu masikio yote mawili yamekufa na ninaye bado. Punguza bei."

Akapunguza.

Mjukuu akaliunganisha na televisheni. Nikaenda jikoni kuteleka chai. Niliporudi, mzee alikuwa ameingia sebuleni, amelala kifudifudi, anasukumia vipande vya tairi chini ya boksi, kila pembe na chake. Juu amepanga matofali. Akainuka anajifuta mikono, anatabasamu.

"Lilikuwa linatetemeka. Nimelituliza."

Nikaliwekea mkono. Kimya kama jiwe la kaburi. Hela yangu ya bati, jamani. Nikakaa chini. Hata kulia niliona ni kazi.

Nikaitoa mipira. Akairudisha. Nikaitoa tena. "Huyu mwanamke ataiua mashine!" anamwambia mjukuu. Nikapiga kelele kumweleza, mtaa mzima ukaelewa isipokuwa yeye. Mwisho nikatupa matofali nje, mipira nje, nikamshika mkono, nikamkalisha juu ya boksi.

"Unanikalisha kwenye redio kama mtoto kwenye poti!"

"Kaa!"

Kulikuwa na wimbo wenye ngoma nzito. Alitaka kuinuka, nikambana mabega. Halafu mwenyewe akaacha kusukuma. Akashusha viganja vyote viwili kwenye mbao. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili.

"Hii inasaga," akasema.

 Akaenda bandani, akakikokota kile kichanja mpaka ndani. Akakilaza kutoka mlangoni hadi ukutani, sabufa juu yake, viti vyetu viwili juu yake. Sebule yangu ikawa ghala. Nikasema basi, mradi uso wake hauko ukutani.

Jioni moja alikuwa amekaa peku, anatazama mpira, nami napita na chai. Akageuka.

"Mguu wako wa kushoto una nini?"

Nikasimama.

"Unauburuta. Mbao zinaniambia. Tangu lini?"

Mguu huo unaniuma tangu masika yaliyopita. Wanangu wenye masikio mazima wananipigia simu, sikuwaambia, hawakuuliza. Nikamwonyesha kwa mkono: zamani. Akanipokea sinia, akasogeza kiti changu karibu na boksi. "Uweke hapo. Joto la mashine ni dawa." Uongo mtupu, halina joto lolote. Nikauweka.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, nimechoka kwa kukuandikia, na hili deni ulilipe kwa miguu yako. Njoo kwetu. Usipige hodi, mimi siinuki na yeye hasikii. Ingia, kanyaga mbao za mlangoni kwa kisigino mara mbili, atageuka. Chai utajipikia mwenyewe, na jiko linavuja, kwa hiyo ikiwa mvua inanyesha njoo na ndoo yako.