Bei ya Mjane

Wanafunzi walimwita Bi Koma, na jina hilo lilimkaa sawasawa kwa pande zote mbili. Hakuna insha iliyopita mezani kwake bila koma mahali pake ikarudi salama. Na alipotamka "Koma!" darasani, hata nzi walitafuta pa kutua. Alifundisha lugha mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu aliendelea kusahihisha: mabango ya maduka, matangazo ya msiba, wajumbe wa mtaa.

Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu wa mistari iliyonyooka. Gari lake jeupe aliliegesha sambamba na ukingo wa barabara kama aliyetumia rula, na majirani walipoliona walijua Mpima amerudi. Alipofariki hakuacha deni wala kesi wala mtoto wa kujitokeza matangani. Aliacha nyumba, jina safi na gari hilo. Bi Koma alilifuta vumbi kila asubuhi kwa mkono wake.

Tatizo lilikuwa goti. Gari lilikuwa la gia, na kila alipokanyaga klachi goti la kushoto lilimgombeza kwa lugha isiyoandikika. Akaamua kulipeleka kwenye yadi ya magari yaliyotumika: atoe hilo, aongeze akiba yake, apewe dogo la otomatiki. Alikuwa ameshauliza bei kwa watu. Gari kama lile, lililotunzwa, lilikwenda milioni saba. Kwa saba, akiba yake ingetosha. Chini ya hapo ingembidi akakope ukweni, na Bi Koma alikuwa tayari kutambaa kwa goti hilo hilo kuliko kukopa ukweni.

"Usiende peke yako, shemeji," alisema mdogo wa marehemu. "Kule kuna papa. Wakiona mwanamke wanamlalia kwa bei. Mimi wananijua."

Shemeji huyo alikuwa mtu wa mipango. Ukimuuliza anafanya kazi gani, alikujibu kwamba kuna mipango. Alikuwa na viatu vilivyochongoka na simu mbili, na zote mbili ziliishiwa salio alipohitajika kumpigia mtu pole.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Bi Koma alimsikia barazani akiongea na mtu kwenye simu. "Kesho nakuletea mjane. Mzuri, ametunzwa. Hapana, hana msemaji."

Bi Koma akafungua mlango. "Msemaji ninaye. Ni mimi mwenyewe."

Shemeji akaruka kama aliyemwagiwa maji. "Aa, shemeji! Nilikuwa nakusifia tu kwa watu."

"Kunisifia kwa nani? Nipo sokoni?"

Alicheka, akaaga haraka. Bi Koma alilala na hasira ya kuitwa mjane na mtu aliyekula mezani kwake miaka yote akimwita shemeji.

Mwenye yadi alikuwa na miwani kipajini na funguo nyingi kiunoni, akitembea analia kama mbuzi wa kengele. Alimkaribisha Bi Koma kwa "mama" tatu mfululizo, akaanza kulizunguka gari, akiligonga kwa kifundo cha kidole. Boneti, ngo. Mlango wa mbele, ngo. Mlango wa nyuma wa kushoto, du.

"Ehee," alisema. "Umesikia, mama? Puti hiyo. Bati likibonyea sana fundi anajaza puti, anapaka rangi juu. Gari hili lilipinduka."

"Halijawahi kupinduka."

"Marehemu hakukwambia? Sisi wanaume tuna siri zetu." Akacheka, akamkonyeza Shemeji. "Mimi nakupa tatu. Na hiyo tatu ni kwa heshima ya mvi zako."

Bi Koma hakuziona hizo tatu. Aliona jina la mumewe limetupwa pale chini kwenye changarawe zenye mafuta: Mpima, mtu wa mistari, kumbe alipindua gari akamficha mkewe. Akamgeukia Shemeji, kwa sababu watu watatu tu duniani waliujua ukweli wa mlango ule, na mmoja alikuwa kaburini.

Shemeji ndiye aliyelichukua gari bila kuomba, akanywa mpaka akawa hamjui mama yake, akalikwaruza mpaka likabonyea ubavu mzima wa mlango kwenye nguzo ya geti la wakwe wapya alikokuwa akienda kuposa. Asubuhi yake Mpima aliwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyekosea wakati wa kurudi nyuma. Majirani walimtania: eti Mpima kapima vibaya! Akacheka nao. Na ndani alimwambia mkewe, "Huyu ni mdogo wangu. Liishie hapa." Nalo likaishia hapo. Bi Koma alilimeza, na lilimkwama kooni mpaka siku ya mazishi.

Sasa Shemeji alikuwa anatazama ncha za viatu vyake kama ndiyo kwanza anavinunua.

"Shemeji," alisema Bi Koma, "huna neno?"

"Shemeji, huyu ni mtaalamu. Tatu si mbaya kwa hali ya soko."

Simu ya mwenye yadi ikalia. Akageuka pembeni, si mbali vya kutosha. "Nipigie baadaye. Niko na mjane hapa, ametiwa puti mlangoni."

Bi Koma alisimama wima. Mtu hatiwi puti. Miaka yote ya upatanisho wa sarufi ilimpigia kengele kichwani kwa mara moja. Mjane mzuri, ametunzwa, hana msemaji. Hakuwa yeye!

"Mjane ni nani?" aliuliza.

"Aa, mama, usichukie. Lugha ya kazi tu. Gari ambalo mwenyewe amekufa tunaliita mjane. Linakuja na bei yoyote, maana halina wa kulisemea."

"Na huyu hapa ndiye aliyekupigia jana kwamba analileta."

Mwenye yadi alimtazama Shemeji. Shemeji alitazama geti. Bi Koma hakuuliza ni kiasi gani ameahidiwa. Hakutaka kujua thamani yake kwa Shemeji, maana huenda nayo ingekuwa ya kulaliwa.

"Gonga paa," alimwambia mwenye yadi.

"Mama..."

"Gari likipinduka linaangukia paa. Gonga."

Ngo. Bi Koma akagonga mwenyewe nguzo za pembeni zinazoshika paa, moja baada ya nyingine, ngo, ngo, ngo, mpaka mafundi waliokuwa chini ya lori wakatoa vichwa.

"Sasa wewe, shemeji." Sauti ilikuwa ile ya darasani. "Simama vizuri. Waambie huu mlango ulikwaruzwa na nani."

"Shemeji, mambo ya ndani hayo..."

"Ya ndani uliyaleta nje jana kwa simu. Sema, au niseme mimi kuanzia baa uliyotokea."

Shemeji akasema. Alisema kwa sauti ya chini, akaambiwa arudie kwa sauti. Fundi mmoja akapiga mluzi, mwingine akauliza kama posa ilikubaliwa.

"Basi, sita," alisema mwenye yadi, akifuta miwani isiyokuwa na uchafu. "Sita na nusu, tumalizane."

"Umemwita mume wangu mwongo mbele yangu. Hata kwa ishirini, wewe huligusi tena. Ukome."

Akaingia, akakanyaga klachi, goti likalia, akaondoka. Shemeji alibaki kwenye changarawe akiwa na simu mbili.

Katika yadi ya pili mkaguzi alipogonga ule mlango, Bi Koma hakusubiri swali. "Ulikwaruzwa na mdogo wa mume wangu, amelewa. Mengine yote gonga utakavyo." Mkaguzi aligonga, akapunguza kidogo kwa ajili ya mlango, akaandika sita na laki nane. Laki mbili zilizopungua Bi Koma alizipata kwa kuuza kochi ambalo Shemeji alipenda kulilalia.

Mama mkwe alipiga simu jioni. "Umemvua nguo mwanangu mbele ya watu baki!"

"Na yule aliyevaa kosa lake mpaka akazikwa nalo, mama, hakuwa mwanao?"

Simu ikakatwa. Bi Koma akatoka nje, akalisogeza lile gari dogo mara mbili mpaka likawa sambamba na ukingo.