Pango Lililokosa Jina

Lori lilimwaga kokoto mbele ya nyumba ya jirani yetu hapa Kilwa Masoko, na binti yangu, kama watoto wote, akalipanda lile fungu kabla vumbi halijatulia. Nilikuwa nafua. Nikamfokea ashuke. Akashuka, akanijia mbio na kitu mkononi.

"Mama, ona mshumaa!"

Kilikuwa kipande cha jiwe jeupe, cha duara, laini kama kimepakwa mafuta, kina tundu jembamba katikati. Nikakaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Jiwe kama lile haliokotwi njiani. Linaning'inia gizani, linatona maji, na mimi nimewahi kulishika nikiwa na umri wa huyu huyu binti yangu.

Ngoja nikuhadithie, maana ukiniona nimevimba hivi utadhani nagombana na mume.

Likizo ya Juni ilipofika, mama alikuwa ananipandisha basi kwenda kwa bibi, kule kwenye milima ya Wamatumbi. Nilikuwa nalia Masoko, nikifika kule nasahau. Ufuta umeshakatwa, mabunda yamesimamishwa uani yakauke, na huruhusiwi kuyagusa hata kwa kidole, yatamwaga. Asubuhi tunakula ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, imechemshwa kwa chumvi mpaka ganda linabanduka lenyewe. Unaishika kwa vidole, unaivuta kwa meno, unatema nyuzi. Bibi alikuwa akila polepole, akiniangalia ninavyojichoma mdomo. "Haina miguu hiyo," ananiambia. "Haitakimbia."

Miezi ile kijito kilikuwa kimekauka. Maji yalikuwa pangoni.

Tulikwenda wanawake watupu, jua likiwa juu, mitungi na ndoo vichwani, njia inapita vichakani mpaka kwenye ukuta wa mawe. Mdomo wa pango ulikuwa mdogo, unainama kuingia. Bibi anavua kandambili, anapiga hodi kama anapiga kwa mtu. Ndani popo wanachakarika. "Wamesema karibu," anasema, kisha anawasha koroboi.

Hewa ya mle sijaipata tena popote. Baridi, halafu ile harufu ya popo inakupanda puani mpaka machozi. Ukisogea mbele dari linainuka, mawe yananing'inia kama matiti, mengine kama mishumaa, kila moja na tone lake. Wanawake wanatega vyombo chini ya matone na kukaa kungoja. Ndoo tupu inalia ti, ti, ti. Ikishika maji inalia kwa sauti nene. Bibi hakuhitaji kuchungulia, alijua kwa sikio ndoo ya nani imejaa.

Na kwa kuwa maji yale hayana haraka, watu waliongea. Jamani, waliongea! Yale ambayo nje hayasemeki, kuhusu waume, kuhusu mawifi, kuhusu yule mwalimu aliyejipaka mafuta ya nazi akaenda kuposa akakimbizwa na bata. Nilicheka mle mpaka nikajikojolea, na hakuna aliyejua, maana kila kitu kilikuwa kimelowa.

Ila kulikuwa na mwiko. Pangoni huitani kwa jina. Zamani za vita vya Mjerumani watu walijificha mle na watoto wao, na mama mmoja akamwita mwanawe kwa jina, pango likaichukua sauti na kuitoa nje. Askari wakasikia. Bibi hakuwahi kuimalizia hadithi ile, na hatukumwuliza. Tangu hapo kila mwanamke ana jina la pangoni, na halichaguliwi. Mtoto wa kike aking'oka jino la kwanza anaingizwa, na neno la kwanza litakaloanguka kinywani mwake mle ndani, hilo ndilo jina lake. Halitamkwi nje. Pango lenyewe pia halikuwa na jina. Tukienda tulisema "twende kule", basi.

Bibi alikuwa Ngoja. Jirani yake, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa Uji, maana siku anaingizwa alikuwa na njaa. Mtu mzima, mjane, anaheshimika kijiji kizima, akiinama tu kupita pale mlangoni anakuwa Uji.

Mimi niliingia nimeng'ang'ania kanga ya bibi, popo akanipitia sikioni, nikapiga kelele: "Sitaki!"

Halafu wale wanawake wakacheka mpaka koroboi ikazimika.

"Haya, Sitaki," bibi akasema gizani, "shika kibiriti."

Likizo zote zilizofuata ilikuwa hivyo. Sitaki, sogeza ndoo. Sitaki, imba. Siku nilipokwenda kumuaga niende sekondari alinipeleka kule, kijito kikiwa tele, hatuna haja na maji. Akanishika uso kwa viganja vyote viwili akaniambia, "Sitaki, wewe utanizika." Nikamzika kweli, binti yangu akiwa mgongoni, meno yake ndiyo kwanza yanaota.

Jina hilo naliandika hapa. Kama kuna wa kunikemea, anikemee.

Kwa hiyo unaelewa nilivyolitazama lile jiwe. Binti yangu alikuwa na pengo mdomoni, jino limeng'oka juzi juzi tu, na mimi nilikuwa nasubiri likizo nimpeleke. Hivyo tu ndivyo nilivyotaka. Aingie, aseme lolote, hata "mavi", apate jina lake mle walimopata mama zake. Sikungoja likizo. Kesho yake tukapanda basi, kisha bodaboda.

Mlio wa mashine niliusikia kabla sijauona mlima. Nilipouona, nusu yake haikuwepo. Penye ule ukuta wa mawe pana shimo jeupe, malori yanazunguka ndani yake, vumbi limekaa juu ya mihogo ya watu kama unga.

Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba, mtoto wa kiume wa bibi, ambaye ni mjumbe wa serikali ya kijiji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona hukupiga simu? Tungechinja hata kuku."

"Pango liko wapi?"

"Pango gani?"

"Mjomba, usinichezee."

"Aa, lile la maji? Si tuna kisima siku hizi, mwanangu. Cha pampu."

Nikamwambia sikuuliza habari za kisima. Akajikuna shingo. Akanieleza, na nitakupa maneno yake kama alivyoyasema, usije ukadhani nimeongeza chumvi. Walikuja watu wa machimbo, bibi angali hai, mashine zenyewe zikafuata baada ya mazishi; wakaitisha mkutano, wakauliza kwa adabu kabisa: hapa kuna makaburi? Kuna msikiti, kanisa, mzimu? Wazee wakataja yote, moja moja, kwa majina yake. Yakaandikwa, hayakuguswa mpaka leo.

"Na pale?"

"Pale wakauliza, panaitwaje. Tukatazamana. Hapana jina, bwana, ungesema nini? Mimi mwenyewe sijawahi kuingia. Wakaandika, mawe matupu."

"Na wanawake? Hamkuwauliza?"

"Walikuwepo, wamekaa upande wao. Waliulizwa, kuna mwenye neno? Hawakusema kitu." Akatazama chini. "Bibi yako alisimama."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alisimama hivi, kitambo, halafu akakaa. Sisi tulidhani miguu inamuuma."

Nilitamani kumpiga. Mjomba wangu, mtu aliyenibeba begani. Na nitasema ukweli, nilitamani nimfufue bibi nimpige na yeye. Si ungesema, bibi! Ungepiga yowe! Ungewatajia majina yote, Ngoja na Uji na Sitaki, wayaandike kwenye makaratasi yao, mwiko ukavunjike huko! Mjerumani aliwafunza kunyamaza, mkadhani na hawa ni wale wale. Hawa hawakuwatafuta ninyi. Walitafuta mawe, na ukimya wenu ukawapa.

Jirani wa bibi bado yu hai. Amebaki peke yake katika wale wa ndoo. Nikamkuta kizingitini anachambua kunde, macho yameanza ukungu, nikamwomba twende. Hakuuliza wapi. Tulitembea taratibu, yeye amemshika binti yangu mkono, mpaka ukingoni mwa shimo. Mashine zilikuwa zimezimwa, mafundi wanakula. Binti yangu akachungulia chini, akasema:

"Kweupe!"

Nikaruka. "Bibi, umesikia? Amesema Kweupe. Mpe. Tafadhali mpe."

Yule mzee akatikisa kichwa. "Hapa ni nje, mwanangu."

"Ni pale pale, bibi! Tumesimama mlangoni!"

"Kungekuwa na mlango ningempa." Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. "Sasa hivi kote ni nje."

Nikamwomba basi aniite mimi kwa lile jina langu, mara moja tu, nilisikie kwa masikio yangu. Nililia mbele ya wale mafundi, wakaacha kutafuna. Akanitazama sana kwa yale macho yake. Midomo yake ikachezacheza, nikajua limefika ulimini, nililiona kabisa limefika. Kisha akalimeza. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akamgeukia binti yangu.

"Mwambie mama yako twende," akasema. "Jua kali."