Mgeni Mmoja wa Katoro

Niseme ukweli mapema: mimi nilikwenda Shinyanga na Geita kutembea, rafiki yangu Deo alikwenda kuchungulia. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na nimewashonea watu nguo nyingi za safari huku mwenyewe nikiishia Kilosa. Deo tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Mchumba wake, Kabula, ni Msukuma anayefanya kazi hapa mjini, na wazee wa Deo walikuwa wanajiandaa kupeleka posa kwa mama yake, ambaye anauza chakula Katoro. Kabula alimpa Deo onyo moja tu: asikanyage Katoro kabla ya wazee.

Sasa Deo aliwahi kukataliwa ukweni miaka ya nyuma, mbele ya wajomba zake, na jambo lile halijamtoka moyoni. "Safari hii nataka nijue mapema," aliniambia. "Tupite tu kama watalii, nimwone mama, nione kama ana uso wa kunipokea." Nikamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha nikaenda kufungasha begi, maana mimi nami sijawahi kuiona dhahabu ikitoka ardhini.

Shinyanga tulifika jua likielekea kuzama, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Mji wenyewe ni tambarare, na kwa sababu hiyo baiskeli bado ina heshima yake. Kuna vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, na kiti cha nyuma wamekiwekea sponji na kitambaa cha maua. Nilikichunguza kile kitambaa kwa jicho la fundi, nikakuta kimeshonwa vizuri kuliko makochi ya sebule nyingi ninazozijua. Tulifikia kwenye nyumba ya wageni ya Mama Masanja, mjane mcheshi ambaye alitufundisha kusema "mwangaluka" kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, halafu akatucheka jinsi tulivyoitamka.

Asubuhi yake tulikwenda Maganzo, kwa wachimbaji wadogo wa almasi. Pale kando ya barabara wanunuzi wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanaongea habari za mvua na ng'ombe, na huwezi kujua nani ana jiwe mfukoni. Nyuma ya maduka tukamkuta mzee mmoja anachekecha mchanga ndani ya maji. Analizungusha chekeche, analitikisa, halafu analigeuza juu chini kwa mkupuo mmoja, na kokoto zinabaki zimekaa duara chini. Anatazama katikati tu. Nilimuuliza kwa nini, akasema vizito hukimbilia katikati. Deo, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia, "Leo umepata, mzee?"

Yule mzee akaendelea na kazi yake kana kwamba upepo ndio uliosema. Baadaye akanigeukia mimi: "Huku mtu haulizwi amepata nini. Anaulizwa ameamkaje. Mengine mtayaona kwa namna anavyotembea."

Kesho yake tuliacha begi moja kwa Mama Masanja, tukapanda mchomoko, zile gari ndogo zinazokimbia kama zimeiba, hadi Kahama, kisha basi la Katoro linalopita Ushirombo. Njiani mpunga, mahindi, na ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka, kama wenye barabara. Kadiri tulivyokaribia Katoro ndivyo Deo alivyozidi kujipangusa vumbi. Alibadilisha shati ndani ya basi, watu wakimwangalia.

Katoro! Sikuwahi kuona mji unaohangaika vile. Bodaboda zinapita na magunia, na magodoro, na mbuzi aliyetulia kuliko abiria. Duka hili linauza nyavu na sululu, linalofuata linauza magauni ya harusi, na la tatu lina mzani mdogo ndani ya kabati la kioo. Nilitamani nisimame kila mlango, lakini Deo alinivuta mkono hadi sokoni. Mgahawa wa Mama Kabula tuliujua kwa jina lililoandikwa ukutani kwa rangi ya bluu.

Mwenyewe alikuwa mama mrefu, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, anapakua ugali. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika "Marahaba" kwa uso wa furaha, akaniuliza nimetoka wapi, nafanya kazi gani. Nikasema ni fundi wa nguo kutoka Morogoro. Hapo ndipo Deo alipotokea nyuma yangu, meno yote nje, akamnyooshea mkono. "Shikamoo mama!"

Mama Kabula alirudi nyuma hatua moja. Akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, akageukia sufuria, na marahaba yake sikuisikia vizuri. Mkono wa Deo ulibaki hewani hadi akaurudisha mwenyewe. Kisha mama akaniambia mimi, bila kumtazama yeye, "Mwenzako akae kule ndani, nyuma ya pazia."

Tulikula huko ndani. Ilikuwa sato wa ziwani, mnono, na mboga ya nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Mama alipoleta chakula aliishia kwenye pazia, akaniita nikapokee. "Mpe mwenzako," alisema, na kile kipande cha kichwa kilikuwa kikubwa sana. Nilikifurahia chakula kile, Mungu anisamehe, wakati rafiki yangu ameinamia sahani kama mfiwa. Wateja wengine walikuwa wanakula barazani na kupiga soga naye. Sisi tu ndio tuliofichwa. Tulipoondoka alinipa mfuko wa michembe, viazi vilivyokaushwa. "Hivi vya njiani. Mwangalie mwenzako asilale na njaa."

Geita mjini tulikaa siku mbili, na ningeweza kuieleza kwa kurasa nyingi. Milima ya kijani, na pembeni mlima mwingine wa mawe uliotengenezwa na watu. Huko pembezoni tuliona makarasha, mashine za kusaga mawe, zinavyonguruma, na kinamama waliojaa vumbi jeupe hadi kope wakitaniana kwa sauti kubwa kuishinda mashine. Mmoja alinionyesha dhahabu yake kwenye kiganja. Ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha pini yangu, nikabaki naitazama hadi akacheka. Deo hakuona kitu. "Amenijua kwa zile picha za Kabula, na amenichukia," alikuwa akirudia. "Amenificha kama aibu. Nimwambie Kabula wazee wasije." Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu mimi nami niliona vilevile.

Siku ya kurudi tulipitia tena Shinyanga kuchukua begi letu. Mama Masanja akauliza mbona kijana huyu amekonda ghafla. Deo akamweleza yote: mkono uliobaki hewani, kitenge mdomoni, pazia.

Mama Masanja aliweka kikombe chini, akacheka hadi akafuta machozi.

"Wewe kijana! Mgeni wa kawaida anakaa barazani na wenzake, anapewa mkono. Kwetu Wasukuma anayekimbiwa namna hiyo ni mkwe. Mkwe hashikwi mkono, hatazamwi usoni, hali chakula mbele ya mama mkwe. Amekuwekea na pazia! Angekukataa, angekusalimia vizuri sana."

Deo alimtazama asiamini. "Lakini hata posa bado."

"Ndiyo, na wewe ndiye uliyekosea. Yeye amekurekebishia kosa lako."

Simu ya Deo ililia tukiwa bado tumekaa. Ni Kabula. Deo aliweka sauti kubwa. "Mama kapiga," Kabula alisema. "Anasema juzi mgahawani kapita mgeni kutoka Morogoro, fundi cherehani, mtu mwenye adabu. Peke yake. Anasema hakumwona mwingine. Halafu anauliza wazee wenu wanakuja lini, apate kuwafungia kuku wa kuchinja." Nikamsikia akizuia kicheko. "Wewe ulikuwa wapi juzi?"

Deo aliuvuta ule mfuko wa michembe. Akachukua mmoja, akautafuna taratibu, macho yamejaa machozi.

Nimerudi Morogoro sasa, na juu ya meza yangu kuna suti nyeusi ya Deo ninayoishona bure. Nilifunga safari ili nione, nikajifunza kwamba kuna mahali heshima kubwa kabisa ni kutoonwa. Nanyi mnaosoma, ikitokea mmepita Katoro mkala sato pale sokoni, mkiulizwa na mama, basi mjue: safari ile nilikwenda peke yangu.